Sifuri Niliyompa Letisia

Mheshimiwa Diwani, Mkuu wetu wa Shule, Padre na Sheikh mliotufungulia kwa sala, wageni mliotoka Katesh na Dongobesh, wazazi wa Bashay na Tumati: wakubwa zangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo?

Mmeisifu miaka yangu thelathini na minne ya kufundisha fizikia mpaka nikageuka nyuma kuangalia ni nani anayesemwa. Sasa nivumilieni, maana msifiwa ana kosa la kuungama kabla hajastaafu.

Mwaka juzi Letisia Margwe, yule anayejificha nyuma ya mama yake, akiwa kidato cha nne, aliniletea daftari. Alikuwa amepakua kwa simu vipimo vya darubini ya angani, akaona nyota moja kubwa, ya moto kupindukia, ambayo mionzi yake hupanda kidogo kila baada ya siku kumi na moja. Akaandika kwamba huenda ipo sayari inayoizunguka, na kila ikiikaribia huivuta, nyota ikavimba na kung'aa zaidi. Mimi nikacheka. Punje itikise gunia? Nikampa sifuri kwa wino mwekundu, na jina lake nikalikata kwenye mashindano ya sayansi ya mkoa.

Je, alinuna? Alinialika kwao Tumati asubuhi, wakati wa kukamua. Ng'ombe wa mama yake akagoma kabisa. Akaletwa ndama, akanyonya kidogo tu, maziwa yakashuka. Letisia akasema taratibu, "Mwalimu, ndama hana nguvu za kumsukuma mama yake. Amemkaribia tu."

Nimekamua tangu utotoni, ndugu zangu, na bado nilihitaji kufundishwa! Najua ndama si ushahidi wa mambo ya nyota, lakini kicheko changu kiliishia pale zizini. Tukaandika upya pamoja, tukawatumia wataalamu wa chuo kikuu.

Wiki iliyopita wamejibu. Wamepima wenyewe, na mionzi inapanda kama alivyoandika. Kama kweli ni sayari, bado wanachunguza, na wanamtaka Letisia akachunguze nao. Nafasi ya masomo amepata. Mama Letisia na kina mama wote, pigeni vigelegele, nina furaha kuliko siku niliyoajiriwa!

Letisia, njoo mbele. Daftari ni hili, na kalamu nyekundu ni ile ile. Kesho sitakuwa na ruhusa ya kuitumia. Sifuri sijaifuta, ibaki ionekane. Chini yake nimeandika, "Mwalimu amekosa, mwanafunzi amepata," nikatia sahihi.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho kusahihisha. Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza.