Mama Kankindi Aagana na Rangi za Studio Taswira

Ifikapo Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Mama Vénérande Kankindi atakuwa ametimiza miaka kumi na mitatu ya utumishi katika Studio Taswira, na siku hiyohiyo atastaafu. Sisi wafanyakazi wa makao makuu, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na wa ofisi ya Nsungwi, Lilongwe, tunaipokea tarehe hiyo kwa heshima ingawa, kusema kweli, tulitamani ichelewe.

Kabla ya kufika Malawi, Mama Kankindi aliuza vitenge sokoni Rumonge, nchini Burundi. Aliajiriwa hapa kupokea wateja, kisha akajifunza kuunganisha picha za video: kuwatoa wanakwaya mbele ya ukuta wa matofali na kuwasimamisha mbele ya maporomoko ya maji, bila ukingo wa kanzu hata mmoja kukatika. Ni vigumu kupata kwaya hapa kambini ambayo haijaimba mbele ya maporomoko yake.

Mchango wake mkubwa ulitokana na udhaifu wa kompyuta yetu. Mipangilio ya usimamizi wa rangi inapowashwa, programu hulazimika kusahihisha rangi za kila picha kabla ya kuionyesha. Rangi hutoka sawasawa, lakini onyesho la majaribio hukwamakwama, na wanakwaya wanaocheza huonekana kama watu wenye kwikwi. Mipangilio ikizimwa, mwendo huwa laini, lakini rangi hupotoka. Mwaka mmoja ilisahaulika kuwashwa tena, na bibi harusi akapokea video yenye gauni la rangi ya uji.

Tangu hapo Mama Kankindi aliweka utaratibu wake. Kila mteja alipaswa kuleta kitambaa chenyewe cha nguo zilizorekodiwa. Kwanza mipangilio ilizimwa, kitambaa kikatundikwa juu ya kioo cha kompyuta kama ukumbusho kwamba rangi bado, na wote wakatazama mwendo. Wenye haraka aliwatuliza: “Mukae kwanza. Rangi haitakimbia, tuko tunaangalia miguu.” Kisha mipangilio iliwashwa, picha moja ikasimamishwa, naye akakishusha kitambaa na kukilinganisha na kioo. Hakuna video iliyotoka kabla ya kitambaa kushushwa. Mfanyabiashara mmoja wa Kanengo aliyetaka tangazo la unga aliagizwa apande kabaza, baiskeli ya abiria, arudi kuleta gunia. Hadi leo hufika na gunia hilo, hata anapopita kusalimia tu.

Mwezi Agosti tulikuwa tunamalizia video ya Kwaya Nuru ya Sayuni. Mama Kankindi alikishusha kitambaa, akakiweka kando ya picha, akaridhika. Fundi Ezechiel, aliyeshona sare za kwaya hiyo, alisogea karibu. “Mama Véné, unisamehe. Kitambaa iko bleu. Huku kwa kioo umetia kijani.”

Alikipeleka kitambaa dirishani, akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Kumbe macho yangu njo imetangulia kuenda pension!” Tulicheka sote. Wiki hiyohiyo alikwenda kupimwa macho.

Daktari wa Lilongwe alithibitisha kwamba macho hayo hayatarudi yalivyokuwa. Hakuna aliyemwomba aondoke. Mwenyewe aliomba kuachia kiti, kwa kuwa hakutaka kwaya yoyote ivalishwe rangi isiyo yake.

Mwezi uliofuata kompyuta mpya iliwasili. Huonyesha mwendo na rangi kwa pamoja, bila kukwama. Chombo alichokisubiri miaka yote kimefika wakati hawezi tena kukitumia, na hilo ndilo linalotuuma zaidi katika kumuaga. Aliketi mbele ya kompyuta hiyo, akaitazama kwaya ikicheza, akausifu mwendo. Kuhusu rangi, alimuuliza Ezechiel.

Kwa ajili ya sherehe ya kumuaga ametoa ombi moja: kila atakayempa mkono amtajie rangi ya nguo aliyovaa. Tafadhali, msimwambie kwamba ni nzuri. Mtajieni rangi.

Mama Kankindi, ahsante kwa kila kanzu iliyowafikia ndugu wa mbali kwenye video ikiwa na rangi yake halisi. Tunakuombea siku tulivu, afya na wageni wengi mlangoni. Nasi tutaendelea kutundika kitambaa juu ya kioo, ingawa mashine mpya haikihitaji.

Cadeau Nahayo
Kitengo cha Picha, Studio Taswira