Nani Alishinda Namchenga: Maisha ya Emmanueli Luhende Kapaya (1948–2025)

Ndugu waombolezaji, najua mmekuja kuzika, na najua pia mmekuja kusikia jambo moja. Litasemwa. Marehemu mwenyewe aliagiza liwe la mwisho, kwa hiyo mlioshika ratiba msifunue ukurasa wa nyuma. Mama Witness, nimekuona. Anayesoma wasifu huu ni mimi, Josephu Nandonde, kaka wa mjane, na nimeitunza siri hii siku kumi na nne. Nimeteseka.

Marehemu Emmanueli Luhende Kapaya alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika kijiji cha Usanganya, Tabora, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Luhende na Mama Monika. Babu yake, Kapaya mwenyewe, alikuwa askari katika jeshi la Mjerumani, na ndiye chanzo cha kesi yetu yote.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, kisha akajifunza ufundi wa mitambo Dar es Salaam na kuhitimu mwaka 1970. Hesabu alikuwa hodari. Historia, kwa maoni ya ukoo wetu, haikumwingia kabisa.

Mwezi Mei 1971 aliajiriwa bandarini Mtwara kuendesha winchi, na akakaa kwenye kiti kile hadi alipostaafu mwaka 2008. Wapakiaji wa korosho walisema gunia likishushwa na Kapaya, hata vumbi haliamki. Alijenga nyumba Likombe, na jioni alipenda kutembea na mkewe hadi Shangani, polepole, akisalimia kila mtu.

Sasa vita. Hapa naomba nisimame vizuri.

Miaka michache kabla ya Majimaji, kikosi cha askari sitini na afisa mmoja Mjerumani kilitumwa hapa kijijini kwetu Namchenga kuchukua vijana wakajenge barabara kwa nguvu. Wazee wetu walikuwa na magobore tisa tu. Lakini walikuwa na kichaka! Kichaka kile, ndugu zangu, mbwa haingii bila kulia. Wakaiziba njia ya kweli kwa miiba, wakafyeka nyingine upande wa kushoto, safi, ya kuvutia, ya kupita mtu mmoja mmoja. Askari wakaingia. Njia ikapinda huku, ikapinda kule, ikazunguka, halafu ikaisha. Mbele miiba, pembeni miiba, nyuma wenzao bado wanakuja! Hapo pembe la mnyama palahala likalia. Mishale huku, magobore kule, na wanawake wakaanza kugonga vinu vitupu kwa michi, wote kwa pamoja, mpaka ardhi ikatetemeka na askari wakadhani wamezungukwa na watu elfu. Wakatoka mbio! Wakaacha kofia, wakaacha sufuria, wakaacha tarumbeta la shaba, hili hapa, liko mezani mbele ya jeneza.

Hivyo ndivyo tunavyosema sisi. Marehemu alisema jeshi lilirudi nyuma kwa mpango.

Alimpenda dada yangu Yustina, akaleta posa mwezi Juni 1976. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na Mjomba Faraji alimuuliza kama kwao kuna yeyote aliyewahi kufika huku. Mtu mwingine angesema hakuna. Yeye akasema, "Yupo. Babu yangu alipigana hapa."

Mjomba akaweka kikombe chini. "Upande upi?"

"Wa jeshi. Na tulishinda."

Jamani! Chakula kilipoa. Mjomba alileta tarumbeta, marehemu akatoa mfukoni nishani ya babu yake.

"Aliyeshindwa huvishwa nishani?" akauliza.

"Na aliyeshinda husahau tarumbeta?" akajibu Mjomba. "Binti yangu simpi mjukuu wa watu waliotukimbia, mpaka akiri."

"Sikiri, mjomba. Ila sikimbii pia. Nitarudi kila nikiitwa, tubishane mpaka mmoja wetu achoke."

Mjomba alimtazama sana, kisha akacheka. "Basi chukua mke. Na Januari uje."

Ndoa ilifungwa kanisani tarehe 23 Oktoba 1976. Tangu hapo, kila Jumamosi ya kwanza ya Januari, alikuja hapa kuwa jeshi lote la Mjerumani peke yake. Aliweka fimbo begani, akapiga mguu kama askari, akaingia njia ya uongo ambayo tumeiacha katikati ya mikorosho hadi leo. Watoto wakipiga kelele, kina mama wakigonga vinu, yeye anatoka na miiba kwenye shati na kutangaza kwamba amerudi nyuma kwa mpango. Mwaka 1998 Mjomba Faraji, akiwa mzee sana, aliondoa miiba kwenye njia ya kweli ili kumjaribu. Marehemu alisimama mbele ya njia ile, akaitazama, akatengeneza fimbo begani, akageukia kushoto. Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu Mnyamwezi hafundishiki!" Tulipombana aseme ukweli, alitujibu, "Siku ya kunizika mtajua."

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na moyo. Januari hii hakuweza kuja. Jumamosi ile ya tarehe 4 aliniita hospitali ya mkoa, akaniambia nichukue kalamu. Alifariki Alhamisi tarehe 16 Januari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa Yustina.

Ameacha mjane, watoto watatu, Upendo, Fadhili na Lucy, wajukuu saba, ndugu zetu waliosafiri kutoka Tabora, na kijiji kizima cha mashemeji.

Sasa funueni ukurasa wa mwisho. Haya ni maneno yake:

"Andika, shemeji. Tulishindwa. Babu alimwambia baba, na baba akaniambia mimi nikiwa na miaka kumi na miwili. Alikimbia kutoka Namchenga hadi Mikindani na kiatu kimoja, na mlio wa vile vinu aliusikia mpaka anakufa. Nishani aliipata baadaye, kwa kuwatunza nyumbu waliobeba mizigo ya jeshi. Hayo niliyajua siku ile ya posa. Lakini nilikuja huku peke yangu, sina mjomba, sina shangazi. Ningekiri siku ile, mngenipa mke na maneno yangeisha. Nilipokataa, mkaniambia nije Januari. Mmeniita mara arobaini na nane. Mtu habishani na mgeni mara arobaini na nane. Nizikeni kule inakoishia njia ya uongo. Babu alitoka huko mbio. Mimi nakaa."

Kaburi limechimbwa huko tangu jana. Vijana, inueni jeneza, tunapita kushoto. Kina mama, vinu viko tayari.

Tumeshinda, shemeji, na Januari hatuna wa kubishana naye. Pumzika.