Hoja Kuu ya Dada Yetu, Mwalimu "Sentensi Moja"

Ndugu, jamaa, majirani, walimu wenzake, na ninyi wanafunzi wake mliojaa mpaka nje ya geti: mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, muuguzi kwa kazi. Nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu, eti, mimi nimezoea vifo. Sikuzoea hiki. Jumanne asubuhi dada alinitumia ujumbe akinikumbusha nikachukue viatu vyangu kwa fundi. Leo Jumamosi tunamzika. Jamani, mimi hata viatu sijachukua.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 16 Machi 1968, katika chumba cha uani cha nyumba ya kupanga, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi bomba na mpishi wa hospitali. Mama alisema huyu mtoto ukimwambia "kwa sababu nimesema," alikuwa anakaa chini kimya, anangoja sababu yenyewe. Mimi nilipozaliwa alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alinibeba mgongoni huku akisoma kwa sauti, ndiyo maana wenzangu husema naongea sana.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni kuanzia mwaka 1975, kisha akaenda sekondari ya bweni ya wasichana. Akiwa kidato cha tatu aliandika insha ya historia ya kurasa nane, akaipamba kwa ramani za rangi. Mwalimu alimrudishia ikiwa na maneno mawili tu ya wino mwekundu: "Unasema nini?" Dada alilia siku mbili. Siku ya tatu aliisoma tena ile insha, akakuta kweli, kurasa nane na hajasema kitu. Alituhadithia kisa hicho mpaka tukakichoka. Alihitimu chuo kikuu mwaka 1993.

Mwezi Septemba 1994 aliajiriwa chuoni kufundisha uandishi wa insha za kitaaluma, chumba namba saba, ghorofa ya pili, na hakuhama chumba hicho mpaka mwisho. Wanafunzi wake mnajua utaratibu. Huandiki insha kabla hujaleta kadi, na kwenye kadi sentensi moja: hoja yako kuu. Usimwandikie "katika insha hii nitazungumzia," atakuuliza unamwomba nani ruhusa. Usimwandikie swali. Useme jambo mahususi, utoe na sababu, na liwe jambo ambalo mtu mwenye akili zake anaweza kusimama akasema, "Nabisha." Akikosekana wa kubisha, kadi inarudi.

Kuna mmoja, leo naye ni mwalimu na yuko hapa anajificha nyuma ya mwavuli, aliandika, "Elimu ni muhimu." Dada alifungua mlango, akamwita mama wa usafi aliyekuwa anapiga deki koridoni.

"Mama, huyu anasema elimu ni muhimu. Unabisha?"

"Nibishe nini tena, mwalimu?"

"Umesikia? Nenda katoe jasho."

Wiki iliyofuata kijana akarudi: shule za bweni zinawadhuru watoto wa chini ya miaka kumi, kwa sababu zinawanyima nafasi ya kugombana na kupatana na ndugu zao. Mama wa usafi akaweka dekio chini. "Nabisha! Wangu yuko bweni, na akirudi ndiye mpatanishi wa nyumba nzima!" Walibishana mpaka sakafu ikakauka. Dada aligonga meza kwa furaha. "Hiyo sasa ni hoja. Kaandike."

Marehemu alifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1996 na shemeji yetu, fundi cherehani. Walikutana kibandani kwake. Dada alikwenda kushonesha gauni, akaanza kueleza shingo, mikono, marinda, historia ya kitambaa. Shemeji akamwambia, "Dada yangu, sema kwa sentensi moja, wateja wananingoja." Dada alicheka mpaka akakalia kiti cha wateja. Tangu siku hiyo hakuvaa nguo iliyoshonwa na mtu mwingine.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Rasimu ya kwanza niliandika kwamba marehemu hakuugua. Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa tisa na dakika kumi alasiri, alianguka ubaoni chumba namba saba, chaki mkononi. Nilikuwa wodini nampima mgonjwa presha, simu ikalia, ni yule mama wa usafi, anasema dada ameanguka, hapumui. Nikamwambia umekosea namba. Mungu anisamehe, nilimkatia simu.

Alhamisi tulifungua boksi lake la kadi ili tuwarudishie wanafunzi. Lina sehemu mbili: "Imepita" na "Bado." Nyuma ya "Bado" kulikuwa na daftari la kliniki. Tangu Novemba 2023 alijua kwamba valvu moja ya moyo wake imesinyaa na kwamba anatakiwa kupasuliwa. Mwaka na nusu! Mimi, muuguzi wa wodi ya moyo, ndugu yake wa damu, nilikuwa nakula kwake kila Jumapili.

Ndani ya daftari kulikuwa na kadi nne za mwandiko wake, zote zimeanza kwa "Mdogo wangu." Alikuwa amezisahihisha kwa wino mwekundu kama anavyowasahihisha ninyi. Ya kwanza: "Nina tatizo dogo la moyo." Amekata, kaandika pembeni, "Unakwepa." Ya pili: "Madaktari wanasema mengi." Amekata: "Wewe unasema nini?" Ya tatu: "Naumwa sana." Amekata: "Kwa hiyo?" Ya nne ina tarehe 8 Juni, Jumapili, siku mbili kabla hajatutoka: "Naomba unisindikize nikapasuliwe, kwa sababu peke yangu naogopa." Hii hakuikata. Ameweka alama ya vema.

Nilikaa sakafuni. Nilikasirika, nasema wazi, nilimkasirikia marehemu. Halafu nikakumbuka mwezi wa pili alinipigia simu, akaniuliza, "Hivi mgonjwa wako akiogopa upasuaji huwa unamwambia nini?" Nilikuwa nimetoka zamu, nimechoka. Nikamjibu, "Namwambia atulie," nikaanza kumlalamikia mkuu wangu wa wodi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Jana mchana nilimpelekea shemeji kibandani sentensi niliyotaka kuanza nayo wasifu huu, nimeiandika kwenye kadi kama desturi ya dada: "Dada yetu amekufa kwa sababu alingoja mpaka sentensi yake iwe nzuri." Shemeji alikuwa hajasema neno tangu Jumanne. Aliisoma, akaisoma tena.

"Nabisha," akasema.

"Unabisha nini, shemeji?"

"Amekufa kwa sababu hatukumuuliza. Mwaka huu nimempunguzia magauni mara tatu. Mara tatu, shemeji. Futi nimeishika mimi mwenyewe, kiunoni kwake. Nilikuwa namtania kwamba anataka kurudia usichana."

Tulikaa pale, yeye na futi yake shingoni, mimi na kadi yangu, tukalia kama watoto.

Nani kati yetu yuko sahihi, sijui. Nimeziacha hoja zote mbili hapa zilivyo, maana kwa sheria yake dada, yangu imepata wa kubisha. Anayetaka kubisha zaidi tutakuwa nyumbani kwake mpaka kesho. Lakini kwanza kila mmoja amgeukie aliye karibu naye amuulize anaumwa wapi. Msiniangalie mimi. Muulizeni.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu wawili, wadogo zake watatu, na kadi mia mbili na kumi na sita ambazo hazijapita. Njooni mzichukue, mkaziandike upya.

Dada, kadi yako ya nne nimeipata. Jibu langu ni ndiyo, nitakusindikiza. Nimekuja nawe mpaka hapa. Pumzika kwa amani, usiogope.