Tairi Mpya za Yidir

Kwenye basi dogo la kuteremka kutoka milimani kwenda mji wa Bouira, mbele yangu, fundi mmoja alikuwa akijisifu kwa mama asiyemjua. "Lile gari jekundu la Yidir sikulishusha kimo, matuta yangelichana tumbo. Nimelifunga tairi pana, laini. Sasa linanata barabarani kama kupe!"

"Yidir ni mwanangu," mama akasema. Basi zima likatega masikio. Mimi nilikuwa nimeshatega. "Zamani kona zilimtisha. Leo anateremka nalo kwa kasi, na huu ni msimu wa zeituni, zimedondoka na kupondwa na magari lami nzima, mafuta matupu. Hapo je, fundi, litanata?"

Fundi akasema, "Mpigie simu, mama, aende polepole."

Basi likasimama kwenye kituo cha huyo mama. Mama hakushuka. "Nimpigie, apokee akiwa kwenye kona?"