Wasifu wa Bi Mwanaarusi Godhana, Aliyekataa Malka Izibwe

Sote tu wa Mungu, na shangazi yetu Bi Mwanaarusi Godhana amerejea kwake.

Alizaliwa Nanighi mwaka 1901, mto ulipofurika hadi vitandani. Inasemekana alizaliwa ndani ya mtumbwi. Tulikuwa tukimtania kwamba ndiyo maana hapati usingizi bila kusikia maji.

Skuli hakuiona. Kurani aliisikiliza nje ya ua wa chuo huku akitwanga mpunga, na hadi uzeeni alisoma sura zake kwa mdundo wa mchi.

Mwaka 1922 aliolewa na marehemu Buya, hapa karibu na Garsen, wakalima shamba hili kando ya malka, njia ya ng'ombe wa Waorma kushukia mtoni wakati wa kiangazi. Msimu wa kwanza, akiwa juu ya dungu akifukuza ndege, aliwarushia ng'ombe mawe kwa kombeo, akidhani wamefuata mpunga wake. Darmi, Muorma aliyekuja kunywesha ndama, akamwita kutoka chini:

"Bibi, ng'ombe na kiu! Mto ni ya Mungu, wewe nakunywa peke yako?"

Shangazi alicheka hadi kombeo likamponyoka. Jioni Darmi alimletea kibuyu cha maziwa, akarudi kwao na mahindi. Wakawa ndugu tangu hapo.

Hawakujaliwa mtoto, na Buya alifariki mwaka 1949. Mwaka juzi tajiri mmoja, aliyekwisha kununua mashamba ya wenye njaa huku na huku, alitaka kuziba malka apande mpunga wake. Lilibaki shamba hili tu. Alimwahidi shangazi nyumba ya mabati, naye paa lake lilikuwa likivuja. Inatuuma hata leo, mwenye mashamba yote yale kumwandama mjane mwenye moja.

"Nilale chini ya mabati nikisikia ng'ombe wakilia kiu?" alimjibu. "Huo utakuwa usingizi gani?"

Mvua za vuli zilimlowesha kitandani, kifua kikambana. Alipelekwa zahanati kwa mtumbwi, akarudi bila nafuu. Alifariki alfajiri ya leo, Ijumaa, 14 Februari 1958. Alikuwa ametuusia:

"Nizikeni mdomoni mwa malka. Kwenye mpunga yule tajiri atachimbia nguzo za ua. Juu yangu hatathubutu."

Ndiyo maana tumemlaza hapa. Ameacha dada yake Arafa, sisi watoto wa ndugu yake, na Darmi.

Mungu ampe usingizi mwema kando ya maji yake. Na sasa, jamaa zangu, pamoja na jirani yetu tajiri aliyekuja kuzika, tusogee kidogo. Ng'ombe wa Darmi wamefika, na wana kiu.