Je, Kocha Zabibu Aliwafaa Vijana Wetu?

Mwisho wa mwezi huu wa Novemba, Kocha Zabibu Shakir anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika Klabu ya Kikapu ya Mlimani, hapa Nyeri. Mimi ninayeandika ni Wangechi wa ofisini, yule wa tiketi na jezi. Wenye jarida hili la klabu wamenipa nafasi wakaniomba nisiseme sana, na nitajaribu. Lakini kuna swali limetuzunguka mwaka mzima, kwenye ngazi, kwenye foleni ya chai, hata kwa kinyozi wa pale stendi, na mimi ni mdaku wa kuzaliwa, siwezi kulipita kimya. Hivi huyu mama aliwafaa kweli hawa vijana, ama tulibahatika tu?

Tuanze na yeye mwenyewe. Zabibu ni mzaliwa wa Majengo, binti wa fundi cherehani, dada wa kaka wanne wasiojua kutulia. Kikapu chao cha kwanza kilikuwa ndoo iliyotolewa kitako na kupigiliwa ukutani, na jirani mwenye ukuta alilalamika mpaka akachoka. Baadaye alifundisha michezo katika shule ya msingi, na jioni akawa anakuja kutusaidia wakati klabu bado ilikuwa ya wafanyakazi waliocheza kwa kulipwa sahani ya wali. Tulipoanza kulipa wachezaji mshahara, alikuwa ameshazoeleka benchini hivi kwamba hakuna aliyekumbuka kutafuta mtu mwingine.

Si kwamba wote walimpokea kwa mikono miwili. Wiki yake ya kwanza mchezaji mmoja, jitu refu lenye majivuno, alimwona na hijabu yake akadhani ni mfuaji mpya, akamkabidhi jezi iliyolowa jasho. Zabibu aliipokea. Aliifua, akaipiga pasi, akamrudishia siku ya mechi ikinukia sabuni, kisha akamweka benchi kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Jezi ilirudi nyumbani safi vilevile.

Halafu kuna ile safari ya Doldol, ambayo wazee wa klabu wakianza kuisimulia hawamalizi. Tulialikwa kucheza mechi ya kirafiki siku ya soko la mifugo, uwanja wa vumbi, na katikati ya robo ya pili mbuzi wakaingia uwanjani kama walionunua tiketi. Refa akapuliza filimbi. Zabibu akamwomba aache mchezo uendelee, kwa sababu anayeshindwa kumkwepa mbuzi hawezi kumkwepa beki wa Nairobi. Tulishinda, ingawa mpaka leo kuna ubishi kuhusu pasi moja iliyomgonga beberu ikaingia mikononi mwa mtu wetu.

Sasa niwaeleze namna yake ya kazi, maana hapo ndipo swali lilipoanzia. Makocha wengine wakiita taimauti, ile dakika moja ya kupumua, wanachora, wanafoka, wanapiga meza. Zabibu alikuwa anaketi. Wachezaji wakimzunguka na chupa za maji, aliwauliza kitu kimoja tu: wameona nini huko ndani? Wale wachezaji wake wa zamani walikuwa watu wazima na watoto wao, walioona kila ujanja wa ligi hii. Walimwaga yote, fulani anachechemea, fulani anaenda kulia kila mara, nao wakibishana kama wako kwa harusi. Yeye alisikiliza, akachagua moja, wakarudi uwanjani. Kwa njia hiyo tulifika fainali mara mbili na kombe moja tukalileta nyumbani. Liko kabatini, njooni mlione, nalipangusa mwenyewe.

Mwaka jana mambo yakabadilika. Wazee wale walitawanyika, wengine magoti yamekataa, wengine wakafuata mishahara minono ya Nairobi. Halmashauri ya klabu, chini ya mwenyekiti wetu Mzee Gikonyo, mfanyabiashara wa mbao anayeipenda timu hii kuliko usingizi, iliamua kuanza upya na vijana wa huku mlimani. Tukawakusanya kutoka Tetu, Karatina, Nanyuki na hapa mjini. Wa umri mkubwa kabisa alikuwa na miaka ishirini na tatu. Walikuwa na mbio, wanaruka hadi unaogopa, na ligi hawaijui hata kidogo.

Ndipo maneno yakaanza. Kwamba Mama Salwa, kama tunavyomwita kwa jina la bintiye, ni kocha wa watu wazima. Kwamba vijana wa siku hizi wanataka kupigiwa makofi na kuelezwa kila kitu, naye hajui kupiga makofi. Mimi nilisikiliza pande zote nikanywa chai ya pande zote.

Na kweli, mwanzo ulikuwa wa kuhuzunisha. Taimauti ikiitwa, Zabibu anauliza wameona nini, na vijana kumi wanatazama viatu vyao. Kimya. Anarudia. Mmoja anasema, "Pole, Kocha," wengine wanaitikia pole, pole. Kisha wanarudi kufungwa. Tulipoteza mechi baada ya mechi, na Mzee Gikonyo akaanza kukaa viti vya nyuma ambako haonekani akijishika kichwa. Neno likapita ofisini kwamba halmashauri itakutana Juni kuamua kama Zabibu aendelee au apumzishwe mapema. Apumzishwe! Miaka yote hiyo, halafu utolewe mlango wa nyuma katikati ya msimu. Siku aliyosikia alisahau mkoba wake ofisini mara mbili, na Zabibu hasahau mkoba.

Alichofanya ni kuanza kuwatembelea vijana makwao. Safari ya Tetu alinichukua mimi, tukabeba sukari, mkate na majani ya chai kama wageni wanavyopaswa. Tulikwenda kwa kina Kingori, mchezaji wetu mfupi anayeongoza mashambulizi, kijana mwerevu sana uwanjani na bubu nje yake. Babake, mzee mkarimu mno, alitukaribisha kwa chai ya maziwa mapya, akaanza kutusifia mechi ya Jumamosi iliyopita, kama alivyosikia kwa majirani: jinsi tulivyoshinda, jinsi mwanawe alivyofunga kikapu cha mwisho.

Ndugu zangu, tulikuwa tumepigwa vibaya mno. Kikapu cha mwisho kilifungwa na wapinzani. Nilimtazama Kingori nikingoja aseme. Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili, anaitikia kila neno la babake, "Eee, Baba," "Ni kweli, Baba." Aliyecheza mechi yenyewe anamwitikia ambaye hakuiona! Wala haukuwa uongo wa kutaka sifa, aibu ilikuwa imemjaa usoni. Ilikuwa ni adabu. Nyumbani kwao, kama kwetu na kwa wengi wa huku, mtoto hamwambii mkubwa kwamba amekosea, akiwa na wageni ndiyo kabisa. Na shuleni ni hivyo hivyo, mwalimu akikuuliza umeona nini, unaomba msamaha upesi kabla fimbo haijafika.

Njiani kurudi tulitembea mpaka barabara ya lami. Hapo Zabibu akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyepata funguo zake, kwamba kumbe hawa watoto wanaona kila kitu.

Kesho yake aliingia uwanjani kucheza. Ndiyo, yeye, na miaka yake, tracksuit, hijabu na raba za mwanawe. Alijipanga kwenye kikosi kimoja akatoa amri mpya: anayekosea mazoezini anaambiwa papo hapo na yeyote, na anakimbia mstari hadi mstari. Halafu akaanza kukosea. Alitoa pasi kwa wapinzani. Akamkumbatia Mburu, mpigaji wetu wa mitupo ya mbali, katikati ya mchezo, faulo ya wazi kabisa. Kimya. Akakosea siku hiyo, akakosea iliyofuata, na vijana wakawa wanacheza wakimzunguka kwa heshima kama wanaomkwepa mgonjwa. Nilimwonea huruma nikataka kupiga kelele mwenyewe, akanitolea jicho nikarudi kwenye jezi zangu.

Siku ya tatu aliushika mpira akatembea nao, hatua baada ya hatua, bila kuudunda, kama anayepeleka tikiti maji sokoni. Alikuwa karibu kufika kikapuni ndipo sauti ndogo ikasikika.

"Kocha, si hiyo ni kutembea?"

Kingori. Alipomaliza kuisema aliziba mdomo kwa mkono. Zabibu aliweka mpira chini, akaenda kwenye mstari, akakimbia. Alikimbia ukumbi mzima akihema, hijabu imepinda, na vijana wakaanza kucheka, kwanza kwa hofu, kisha mpaka wengine wakalala sakafuni. Aliporudi alimshukuru Kingori, akatoka kwenda kunywa maji, na mimi nikamfuata nikamkuta anacheka peke yake huku ameshika mbavu.

Tangu hapo mazoezi yakawa soko. Walikosoana, walimkosoa, na Mburu alifikia hatua ya kumwambia kwamba ile hijabu ya kijani haiendi na tracksuit nyekundu. Hiyo aliikataa. Lakini kwenye taimauti sasa walisema, na alisikiliza, na pole pole tukaanza kushinda, leo moja, wiki ijayo hakuna, kisha moja tena.

Halafu ikaja mechi ya Nanyuki, siku chache kabla ya mkutano wa halmashauri. Tulikuwa mbele kwa pointi moja, muda unakaribia kwisha, taimauti ikaitwa. Mpango wa Zabibu ulikuwa Mburu abaki. Kingori akasema Mburu amechoka, miguu yake imekufa, atolewe. Mburu mwenyewe akabisha. Zabibu akamtazama Kingori, akamtoa Mburu. Aliyeingia alipoteza mpira, wakakimbia nao, wakafunga. Tukalala kwa pointi moja mbele ya Mzee Gikonyo, ambaye siku hiyo alikuwa amekaa mbele na kusikia kila neno.

Kwa hiyo mkutano ulipofika, shtaka lilikuwa tayari: timu inaongozwa na watoto, kocha ameshindwa. Nilikuwepo, naandika kumbukumbu. Zabibu aliambiwa angoje nje, akaketi kwenye kiti cha plastiki cha korido na mkoba mapajani. Vijana waliitwa waulizwe maoni yao, na nadhani wazee walitarajia kile ambacho wazee hutarajia, vijana wasimame ukutani, waseme ni sawa, waondoke.

Kingori alisimama. Aliwaamkia wote kwanza, kisha akasema ya Nanyuki ilikuwa kosa lake, yeye ndiye aliyesema Mburu atoke. Akasema baada ya mechi kocha hakumlaumu mbele ya mtu yeyote wala faraghani. Tukadhani amemaliza, Mzee Gikonyo akaanza hata kumshukuru.

"Bado, Mzee," akasema. Nilisimamisha kalamu. "Mkimtoa kocha juu ya kunisikiza, mimi hapa sitawahi fungua mdomo tena. Na hawa wenzangu pia hawatafungua. Mtakuwa na timu ya watu wamenyamaza. Ndio hiyo mnataka?"

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza Mzee Gikonyo swali la namna hiyo, labda mkewe. Mzee alivua miwani. Aliwatazama wale wengine, akawauliza kama nao wana la kusema, nao wakasema, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema kocha ni mkali sana, mwingine kwamba anachelewesha mazoezi kwa maswali yake, na wote wakasema wanamtaka. Chai ilipoa mezani. Mwishowe mzee alisema ameendesha kiwanda cha mbao maisha yake yote na hakuna kijana wake aliyewahi kumwambia kitu, sasa anashangaa wamekuwa wakiona nini. Zabibu akaitwa ndani, akaambiwa atabaki mpaka siku yake ya kustaafu. Alisema asante, akafungua mkoba kutafuta leso, akalia mbele yetu sote bila kujificha. Mimi pia nililia. Kumbukumbu za siku hiyo zina madoa.

Msimu uliisha tukiwa tumeponea kushushwa daraja kwa mechi ya mwisho kabisa, na bado kuna wanaosema kocha mwingine angetufikisha mbali zaidi. Huenda. Sikupata jawabu kamili la swali langu. Mwanzoni hakuwafaa, hilo nililiona kwa macho yangu, wala wao hawakumfaa. Kisha akaenda kuwatafuta walipo.

Juzi alikuja kukabidhi funguo za ukumbi, akamkuta Kocha Gicheru, mrithi wake, katika mazoezi yake ya kwanza. Gicheru alikuwa anaeleza zoezi lake kwa kirefu, na michoro, ndipo Kingori akainua mkono akamwambia kwa adabu zote kwamba hilo zoezi litawaumiza magoti. Gicheru, uso umemwiva, akageuka kumtazama Zabibu kama anayetaka kushtaki. Zabibu alikuwa ameshaupa ukumbi mgongo, anasoma kwa makini sana tangazo la usafi lililobandikwa mlangoni, na mabega yake yakicheka.

Mama Salwa, kwa niaba ya wachezaji, halmashauri na sisi wa ofisini, asante sana. Kula mahamri yako bila kuangalia saa, lala mpaka jua lichomoze, wachezeshe wajukuu. Tunakuombea siku njema na nyingi. Na mechi za nyumbani njoo ukae viti vya mbele, tiketi yako haitalipiwa maadamu mimi bado niko dirishani.