Mchezo Uliofungiwa Bila Kuchezwa

Risala ya Umoja wa Washonaji wa Ghorofa ya Chini, kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Ukaguzi wa Filamu na Michezo ya Kompyuta, siku ya kufungua chumba chetu kipya cha kukatia vitambaa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti, pamoja nanyi nyote mlioketi naye hapo mbele,

KARIBU

Karibu, jisikie uko kwenu. Kiti ulichokalia tumekifuta mara mbili, maana vumbi la vitambaa halina adabu, likiona suti nyeusi linaifuata. Msaidizi wako alitushauri tufupishe risala kwa kuondoa sehemu ya changamoto. Tulikaa tukashauriana, tukaona heri tuondoe nyimbo. Utuwie radhi.

TULIKOTOKA

Tuko washonaji kumi na mmoja na mpiga pasi mmoja. Tunashona sare za wanafunzi, za wauguzi na za askari. Mwenzetu wa cherehani ya tatu kutoka mlangoni tunamwita Mama Kola, kwa kuwa hakuna anayeifanya kola isimame kama yeye. Ametupa ruhusa tumtaje leo, na mpaka wa kumtaja ameuweka mwenyewe.

Miaka sita iliyopita Mama Kola alibakwa na mteja aliyekuja kupimwa suruali. Hayo ndiyo maneno yote aliyoturuhusu kuhusu jambo lenyewe. Ya baadaye ametuachia yote.

Alikwenda kituo cha polisi, akaambiwa asubiri kwenye benchi. Akaeleza kwa askari wa kaunta, huku foleni ikimsikiliza mgongoni. Akaeleza kwa mkubwa wa yule. Akapelekwa hospitali, akaeleza kwa muuguzi. Muuguzi akaitwa kwingine, akaja wa pili, naye akataka aanze mwanzo. Aliporudi kituoni, karatasi ilikuwa haionekani. Askari wa kaunta alivaa kola aliyoishona yeye. Aliijua kwa mshono wake, akawa anaitazama hiyo kola kila alipoulizwa alikuwa amevaa nini. Kesi haikufika popote.

TULICHOFANYA

Mwaka wa tatu baada ya hayo walikuja watu wa tamthilia ya televisheni. Walikaa nasi siku tatu, wakanywa chai yetu, wakasema wanataka kuisaidia jamii. Mama Kola akawasimulia, akidhani wataonyesha lile benchi. Benchi halikuonekana hata mara moja. Walichoonyesha ni msichana mwembamba, gauni linachanika polepole, kamera imemganda pajani, na muziki wa kuliza. Kipande hicho hicho wakakirusha kila jioni wiki mbili, watu wakiwa mezani, ili kutangaza kipindi.

Siku ya kwanza Mama Kola aliinuka akazima televisheni. Mama mkwe wake, ambaye hakuwa anajua lolote, akamwambia, "Mwanangu, mbona unazima? Ndiyo kwanza panaanza kunoga!"

Mama Kola akawasha tena, akaenda jikoni, akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mheshimiwa, tamthilia hiyo Bodi yako iliipa tuzo kwa ujasiri wake. Uliikabidhi wewe mwenyewe. Tulikuwepo ukumbini, maana sare za wahudumu tulishona sisi, na makofi tulipiga.

Baada ya hapo binti mkubwa wa Mama Kola, ambaye ni fundi wa programu za kompyuta, alimwambia mama yake, "Mama, mimi nitalionyesha lile benchi." Akatengeneza mchezo. Kazi ilimchukua mwaka na nusu.

Tusifiche, hata humu ndani tuligombana. Mpiga pasi wetu alikuwa mkali kuliko wote.

"Sinema mtu anatazama," alisema. "Kwenye mchezo kidole chake mwenyewe ndicho kinabonyeza. Mnataka mtoto wa mtu akae kitako, abonyeze ubakaji?"

"Shangazi, hilo halibonyezwi," binti akamwambia. "Unacheza ukiwa mama."

"Usinibembeleze na ushangazi wako. Lete hicho kitu nikione."

Akakaa, miwani kwenye ncha ya pua. Kioo kinakuwa cheusi, unasikia bomba linadondosha maji, basi. Kisha uko barabarani, kisha kituoni. Askari anauliza, wewe unachagua jibu kati ya matatu. Mpiga pasi akachagua la kwanza, akaambiwa asubiri pale, kwenye benchi. Akarudi nyuma akachagua la pili, kisha la tatu. Akarudia yote tangu mwanzo.

"Kitu chenu kibovu hiki," akasema. "Nikijibu hivi, subiri pale. Nikijibu vile, subiri pale."

Mama Kola hakuinua kichwa kwenye cherehani. "Si kibovu, dada."

Mpiga pasi alivua miwani, akarudi kwenye meza yake. Tulipokuja kusikia harufu, pasi ilikuwa imeshatoboa mkono wa shati la mwanafunzi. Ana miaka kumi na minne hapa, na hajawahi kuunguza hata leso.

KINACHOTUKWAMISHA

Chuo cha askari kilikubali wanafunzi wake wapya waucheze mchezo huu kabla hawajakabidhiwa kaunta. Mkuu wa chuo anasubiri kibali chako tu. Tuliomba kibali, na siku ya nane mkaufungia.

Tulikwenda ofisini kwenu kuuliza. Karani alikuwa mpole, akatuonyesha fomu zote mbili. Fomu ya filamu ina kurasa tatu. Inauliza tukio la ubakaji lina sababu gani kwenye hadithi, na limeonyeshwa kwa upande wa nani. Fomu ya michezo ni ukurasa mmoja. Swali la pili: "Je, kuna ubakaji, umeonyeshwa au umedokezwa? Kama ndiyo, usiendelee."

"Kwa hiyo uliucheza ukaishia wapi?" tukamuuliza.

"Sikuucheza, mama. Fomu imeniambia nisiendelee. Halafu huu ni mchezo, na mambo kama haya si ya kuchezea."

Hatusemi kila mchezo uachiwe. Binti ametuonyesha michezo ambayo mtu anaongezewa alama kwa kumdhalilisha mwanamke. Hiyo ifungieni, wala hamtatuona mlangoni. Lakini wa kwetu umefungiwa na watu ambao hawajauona, na tamthilia mliitazama yote, mkaipenda.

Tukakata rufaa. Jibu lilifika wiki iliyopita na mhuri wako. Kamati yenye watu tisa itakaa Alhamisi, na mhusika anatakiwa afike mwenyewe, "aeleze tukio kwa mdomo, hatua kwa hatua, ili kamati ijiridhishe kuwa maudhui yana ukweli."

Mama Kola aliisoma barua amesimama. Akaikunja, akaiweka chini ya mkasi ili feni isiipeperushe, akamalizia kola tano zilizobaki. Ndipo akauliza, kama anayeuliza bei ya uzi, "Safari hii ni watu tisa kwa mpigo?"

TUNACHOOMBA

Vyerehani vinatosha. Mabati ya chumba kipya hayavuji. Tunaomba jambo moja.

Mchezo ule unachukua dakika arobaini. Diski yake mnayo tangu siku tulipoomba kibali. Wewe na hao wajumbe tisa mketi, kila mmoja peke yake, muucheze mpaka mwisho, na spika mziwashe. Mkimaliza mkiona haufai, tuandikieni haufai kwa lipi. Tutaupokea uamuzi huo, hata ukituuma.

Ila Alhamisi Mama Kola hatakuja. Ameamua, na sisi tumesimama naye. Tunajua utaratibu wenu: mhusika asipofika, rufaa inafutwa, na wanafunzi wa chuo watakwenda kwenye kaunta zao kama walivyokwenda waliowatangulia. Tumelipima hilo siku nyingi. Mwenye uchungu kuliko sote ni yeye, kwani ndiye aliyetaka mwanamke atakayekuja baada yake asikae kwenye benchi lile. Lakini hatutampeleka akaeleze tena, kwenu wala kwa mwingine yeyote. Kama rufaa ni ya kufutwa, ifuteni.

Utepe uko mlangoni, na mkasi tumeunoa. Mungu akupe afya, akufikishe salama kwa watu wako, na mabinti wa nyumba yako awakinge na kila kaunta.

Ni sisi,
Umoja wa Washonaji wa Ghorofa ya Chini